Usiniletee picha ya ua: jinsi ya kumtambua siala na kumpanda Nairobi

Mvua zikikaribia, gari husimama mbele ya kitalu changu kando ya Ngong Road, kioo kikashuka, mkono ukatoka na simu. "Mama, una huu mti wa maua ya manjano?" Nami nauliza, "Upi, mwanangu?" Hapo hushangaa, maana kwake mti wa maua ya manjano ni mmoja tu. Mimi nikiwa nimekalia debe langu naweza kumtajia saba bila kuinuka, na baadhi yake akiipanda kwenye ploti yake atanitukana baada ya miaka miwili.

Huu ni mwaka wa 19 nauza miche hapa. Kwetu ni Siaya, na huko siala, mmoja wa miti hiyo ya maua ya manjano, hatambulishwi. Yuko mpakani mwa mashamba, yuko nyuma ya jiko, ndiye mpini wa jembe na ndiye nguzo iliyoshika paa. Nairobi ndiko nilikojua kwamba mtu anaweza kuegesha gari chini ya siala miaka kumi na asijue jina lake. Basi nitaeleza hapa vile ninavyowaeleza wateja wenye subira. Wasio na subira nawauzia mjakaranda.

Jina kwanza. Sisi Wajaluo twasema siala, Waluhya lusiola, Wakikuyu muu, Waganda musambya. Mtaa wa Nsambya kule Kampala ulipata jina lake kwa mti huu. Wataalamu wa mimea humwita Markhamia lutea. Hiyo lutea ni Kilatini, maana yake ni manjano, na Markhamia ni heshima kwa Clements Markham, Mwingereza wa karne ya 19 aliyesimamia kazi ya kuhamisha miti ya kwinini kutoka Amerika Kusini hadi India. Uhusiano wake na siala ni wa karatasini tu. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika Markhamia platycalyx, usitafute mti mwingine, ni huyohuyo.

Anza na tumba, si ua

Ua la siala ni tarumbeta ya manjano yenye urefu wa sentimita 5 au 6, lina midomo mitano, na ukilichungulia kooni utaona mistari ya rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, kama njia iliyochorewa nyuki. Ndani kuna stameni nne, yaani vijiti vya chavua, mbili ndefu na mbili fupi. Ni ua zuri, lakini tarumbeta za manjano ziko nyingi mjini hapa. Picha ya simu iliyopigwa ukiwa barabarani haiwezi kukuamulia.

Chuma tumba ambalo halijachanua. Rangi yake ni kijani chenye umanjano, na lina vinyoya vifupi, ukilipapasa ni kama sikio la mwanambuzi. Sasa tafuta jingine lililoanza kufunguka. Kifuko chake hakigawanyiki sehemu tano kama cha waridi. Kimepasuka upande mmoja tu, kuanzia juu kwenda chini, na ua linachomoza ubavuni kama mtoto anayetoa kichwa kwenye leso mgongoni kwa mamake. Ua likishatoka lote, kile kifuko hubaki nyuma yake kama kiganja kilicholegea. Ukiona hivyo, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Je, kama mti hauna ua wala tumba? Shika jani. Jani moja la siala ni kijiti kirefu chenye vijani vidogo pande mbili, kwa kawaida kuanzia 7 hadi 11, na kimoja kimekaa peke yake nchani. Majani haya hukusanyika mwishoni mwa matawi kwa mashada. Fuata hicho kijiti mpaka pale kinapoungana na tawi. Hapo utaona vijani viwili vya duara vimelikumbatia tawi, kama masikio. Siku hizi sitazami kitu kingine kabla ya masikio hayo, na nina sababu.

Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilinunua mbegu kwa mtu gulioni, aliyeapa kwa jina la mamake kwamba ni siala. Zilikuwa nyembamba, nyepesi, zenye mbawa za karatasi, kama za siala hasa. Nikaziotesha, nikapata miche arobaini, nikamuuzia mzee mmoja mwalimu mstaafu aliyetaka kuzungushia shamba lake miti ya nguzo. Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja akaja na tawi ameliviringisha ndani ya gazeti, akaliweka mbele yangu polepole, akasema, "Mama, hii ni siala ya nchi gani?" Vijani vilikuwa na meno pembeni kama ya msumeno, masikio hakuna, na vifuko vya maua vilikuwa vikombe vidogo vya kijani visivyo na manyoya. Ilikuwa Tecoma stans, mmea wa Amerika ya kitropiki, ambao kwa ua wa nyumbani unapendeza, lakini kwa nguzo utangoja mpaka ufe, kwa sababu ni kichaka tu. Nilimpa miche mingine arobaini bure na nauli ya mkokoteni juu yake. Sijanunua tena mbegu kwa mtu gulioni.

Sitaki uione Tecoma kuwa adui. Kama una nafasi finyu chini ya nyaya za umeme, ni afadhali yeye kuliko siala, ambaye hufika mita 10 hadi 15 na hapo watu wa umeme watakuja na misumeno yao.

Kilichoning'inia

Alama inayoonekana hata ukiwa ndani ya matatu ni maganda ya mbegu. Ganda la siala ni jembamba, la kahawia, refu kupita kiasi, linaweza kufika sentimita 75, na hujipindapinda kidogo. Yananing'inia kwa mafungu, na hukaa mtini muda mrefu baada ya maua kusahaulika. Kutoka mbali utadhani mtu ametundika kamba za viatu.

Hapa ndipo ndugu zake wanapotengana naye. Mjakaranda, Nandi flame yule wa maua mekundu, mwegea na siala ni wa ukoo mmoja, ukoo wa maua ya tarumbeta. Mjakaranda una maganda ya duara bapa, mwegea una yale mazito kama soseji, na Nandi flame maganda yake husimama wima kama mitumbwi midogo badala ya kuning'inia. Nalitaja hili la mwisho kwa sababu iko Nandi flame ya maua ya manjano pia, japo si ya kawaida, na imeshawachanganya watu wanaojiita wataalamu mbele yangu.

Wasio wa ukoo huo ni rahisi zaidi. Yule anayechanua mpaka mti mzima unageuka manjano, maua yamekaa kwa mashada yaliyoelekea juu, mara nyingi ni Senna spectabilis. Tazama ua lake, petali tano zimeachana, tarumbeta hamna. Vijani vyake vimepangwa viwili viwili hadi mwisho, hakuna kile kimoja cha nchani, na ganda lake ni la mviringo kama penseli ndefu. Huyu simuuzi. Katoka Amerika ya kitropiki, anazaa kama hana kesho, na ameshavamia msitu wa Budongo Uganda na hifadhi ya Mahale Tanzania, wanahangaika kumng'oa. Mjohoro ni jamaa yake mwenye maganda bapa, ila ameota sana Pwani kuliko huku kwetu kwenye baridi.

Yuko na mdogo wao wa asili hapahapa Afrika, Senna didymobotrya, kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama kama mshumaa na matumba meusi juu kabisa. Sugua jani lake, harufu haisahauliki. Wakalenjin humwita senetwet, na mkaa wake ndio wanaosugulia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Kuna pia Tipuana tipu kutoka Amerika Kusini, mwenye ua kama la kunde na mbegu yenye bawa moja inayozunguka ikianguka. Watoto huzipenda hizo.

Na kuna mteja anayesema "mti wa manjano" akimaanisha shina. Huyo anataka mgunga, ule wenye gome la manjano lililopakwa kama unga, uliojaa upande wa Lang'ata. Mgunga tutaurudia, kwa sababu ndio unaookoa watu wa Embakasi.

Udongo wako unamtaka?

Makao ya asili ya siala ni ukanda wa Ziwa Victoria na nyanda za juu zinazouzunguka, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, na kuendelea Kongo hadi Kameruni. Hupenda kingo za misitu, mabonde ya mito, na mashamba ambako mkulima amemwachia nafasi. Urefu kutoka usawa wa bahari anaoupenda ni kati ya mita 900 na 2,000 hivi. Nairobi tuko kwenye mita 1,700 na kitu, kwa hiyo hewa si tatizo.

Tatizo ni udongo. Jiji hili limegawanyika mara mbili, na anayenunua mti bila kujua yuko upande gani anatupa pesa. Magharibi na kaskazini, Karen, Kileleshwa, Westlands kuelekea Kiambu, kuna udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji. Siala akitua hapo haulizi. Mashariki na kusini, Embakasi, Syokimau hadi Kitengela, ni ule udongo mweusi, wa kunata kama gundi wakati wa mvua na wa kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Siala huvumilia udongo mzito, lakini havumilii maji yaliyosimama mizizini.

Kanisa moja la upande huo lilinunua kwangu miche ishirini. Niliwaonya, nao wakaniambia wataomba. Walipanda vizuri, mistari imenyooka, kila mche na kijiti chake. Mvua ya Aprili ikaja, uwanja ukawa ziwa kwa wiki mbili, na majani yakaanza kugeuka manjano yakianzia chini. Nilipokwenda kuangalia nikang'oa mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, inanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa. Tulipanda migunga mahali pao, nayo ilikunywa yale maji kwa furaha.

Kwa hiyo kabla hujaja kwangu, chimba shimo la futi mbili, lijaze maji jioni, uende ukalale. Asubuhi ukikuta pakavu, njoo uchukue siala. Ukikuta bado mna maji, njoo tuzungumze juu ya mgunga.

Kuanzia mbegu mpaka mche

Unaweza kununua mche kwangu kwa shilingi 50 na mambo yakaisha. Lakini mbegu za siala ni rahisi na sioni sababu ya kukuficha.

Ngoja maganda yabadilike kutoka kijani kuwa kahawia, na uyachume kabla hayajapasuka. Ukichelewa siku tatu za upepo, umepewa maganda matupu. Yakate na kikonyo chake, uyatie ndani ya gunia, ulitandaze kivulini lisipopigwa na upepo. Yatapasuka yenyewe kwa urefu. Fungua moja uone: katikati kuna ukuta mwembamba kama ubao wa rula, na mbegu zimelala kando yake zimepandana kama vigae. Kila mbegu ni kitone cha kahawia chenye mbawa mbili za utando unaopitisha mwanga. Weka moja kwenye kiganja uzungumze karibu nayo. Neno lenye P litairusha mpaka kwa jirani. Ndiyo sababu kazi hii naifanya nikiwa nimenyamaza, jambo ambalo wanangu wanasema ndilo la ajabu kuliko mti wenyewe.

Hazihitaji kulowekwa wala kumwagiwa maji moto kama mbegu za mgunga. Zinachohitaji ni upya. Usizihifadhi kwenye droo ukingoja mwaka ujao, kwa sababu huishiwa nguvu upesi. Kama huna mti wa kuchumia, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, pale Muguga, huuza mbegu za miti.

Changanya udongo mwekundu wa juu debe mbili, samadi iliyooza vizuri debe moja, na mchanga wa mto nusu debe. Lowesha kwanza, kisha utandaze mbegu juu, uzigandamize kwa kiganja, na uzifunike kwa mchanga mwembamba kiasi cha kuficha rangi yake tu. Ukizizika ndani, ndio mazishi. Usitumie mpira wa maji. Mkondo mmoja utazisukuma zote kona moja ya kitalu. Mimi nina chupa ya soda niliyoitoboa kizibo kwa sindano ya moto. Asubuhi na jioni, kidogo kidogo, chini ya kivuli cha nyasi kavu. Kwangu huchomoza baada ya wiki mbili hivi, na miezi ya baridi, Juni na Julai, hukawia zaidi.

Majani ya kwanza kabisa hayafanani na ya mzazi, usiingiwe na hofu ukadhani umeotesha magugu. Mche ukishapata majani manne uhamishie kwenye pakiti. Ninatumia za maziwa nilizozitoboa chini, mama wa hoteli hapo ng'ambo huniwekea. Shika mche kwa jani, usishike shina, kwa sababu shina lililobanwa katika umri huo halisamehe. Ondoa kivuli kwa awamu: wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, ya pili mpaka saa sita, ya tatu acha wazi. Mche wa futi moja umeiva kwenda shambani.

Kupanda, ngoja masika yaanze kweli, yaani mvua ya pili au ya tatu nzito mwezi Machi au Aprili. Ile ya kwanza mara nyingi ni uongo. Mvua za vuli za Oktoba nazo zinafaa ukiwa na maji ya kumalizia Januari. Ukichimba shimo, udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto, na ukirudisha, wa juu ndio uanze kuingia pamoja na samadi. Pasua pakiti uiondoe. Nasema uiondoe, kwa sababu nimeshang'oa mti wa miaka minne uliodumaa, nikakuta jina la maziwa bado linasomeka. Kaa mbali na ukuta wa nyumba mita 4 au 5. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 mimi nakuambia siala mmoja, wawili ukiwa mkaidi. Matandazo ya nyasi ni mazuri, ila yasiguse shina, utaita mchwa kwenye mche mchanga. Mti ukikomaa, mbao zake mchwa hawazihangaikii sana, na ndiyo maana baba yangu alizipenda kwa nguzo.

Kwenye udongo mwekundu wenye mvua utashangaa unavyokimbia juu, mita nzima na zaidi kwa mwaka. Punguza matawi ya chini ukitaka shina lililonyooka, mawili au matatu kwa mara moja. Ukimkata kichwa huchipua, ukimkata kisiki huchipua vilevile, na kwetu ndivyo tunavyovuna fito za kuegemezea migomba bila kuua mti.

Kama bado una shaka ni mti gani ulionao, nenda Arboretum ya Nairobi, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu. Miti mingi mle ina vibao vya majina, na unaweza kulinganisha jani kwa jani. Ikikushinda kabisa, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ndani ya Makumbusho ya Taifa, na watu wake wameyaona majani mengi kuliko mimi. Wapelekee tawi lenye jani zima mpaka shinani, na ua na ganda kama vipo, ukiwa umelilaza ndani ya gazeti. Mimi pia nalipokea tawi la namna hiyo. Ile picha ya simu mwonyeshe shemeji yako.

Siala wangu mwenyewe yuko nyuma ya kitalu, nilimpanda mwaka ule niliokuja, na sasa amevuka paa la fundi wa makochi jirani yangu. Maganda yakipasuka mbegu hupeperuka zikanasa kwenye velveti, naye huja ameshika kiuno kunilalamikia kwamba wateja wanadhani kochi lina chawa. Nimempa chupa ya kahawa tupu azikusanyie humo. Wiki iliyopita kaileta imejaa, na kaniuliza nanunua bei gani.